Picha Iliyoeleweka Mno

Picha ya kwanza ilichorwa Ulaya, na ilipobandikwa, kwa siku tatu hapakuonekana mtoto hata mmoja katika mitaa ya cité, makazi ya Waafrika mjini Élisabethville.

Ilikuwa Februari, mwaka wa hamsini na nne. Picha iliwekwa kwenye ukuta wa biro, yaani ofisi ya serikali, kwenye lango la soko na kwenye mlango wa zahanati. Ilionyesha mzungu mwenye kofia amemshika mtoto mweusi mkono, lori likiwa wazi nyuma yao, na kwa mbali kijiji chenye moshi. Mtoto alikuwa amepanua kinywa. Mchoraji alikusudia kwamba anaimba kwa furaha, kwa kuwa anarudishwa kwao kwenye hewa safi. Chini yake mistari sita ya Kifaransa iliwaarifu wazazi kwamba watoto waliokuja mjini kutoka vijijini bila karatasi watarudishwa walikotoka.

Wanawake wa soko hawakusoma Kifaransa, walisoma picha. Kufikia saa sita mchana kila mtu alikwisha kuelewa. Batumbula, wale wanyakuzi ambao kila bibi wa cité alikuwa na habari zao, wanaokamata watu na kuwanenepesha kabla ya kuwala, sasa wamepewa lori la serikali. Mtoto analia. Moshi ule ni jiko. Jumanne madarasa ya mapadre yakabaki madawati matupu. Jumatano mama mmoja alimshusha mwanawe kutoka kwenye mizani ya zahanati kwa nguvu, akamuuliza muuguzi kwa nini wanataka kujua uzito.

Alhamisi mkuu wa biro alitoka nje, akaitazama picha, akainyooshea kidole. Jina lake lilikuwa refu, la Kiflamandi, na hakuna aliyepoteza muda kujifunza kulitamka. Watu walimwita Bwana Kidole, kwa sababu kidole chake kilisema kabla ya mdomo wake na mara nyingi kilisema zaidi.

"Toa ile," alisema. Kisha akawageukia matarishi wake watatu. "Nani anajua kuchora? Muntu mweusi achore, bantu beusi basikie."

Mkono wa Stanislas Kunda ulipanda juu kabla kichwa chake hakijaulizwa ushauri.

Sababu yake ilikuwa suruali. Stanislas alikuwa na miaka thelathini na tisa, mke wa ndoa ya kanisani na mvi mbili, na bado alivaa kaputula ya kaki inayoishia magotini, kwa kuwa matarishi walivaa kaputula na makarani walivaa suruali ndefu. Aliamini kwamba mtu anayefanya kazi ya kalamu, hata mara moja, hawezi tena kuachwa miguu wazi.

"Weye unajua kuchora?" Bwana Kidole aliuliza.

"Kidogo, Bwana."

Kwa namna fulani ilikuwa kweli. Nyumbani kwake palichorwa kila siku. Ila aliyechora ni mke wake.

Bwana Kidole alimpa karatasi ya amri, yote, kurasa mbili zenye muhuri. "Chora karatasi hii. Muke asiyejua kusoma, anaona tu, anajua. Siku kumi. Kisha mwisho wa mwezi wa tatu tunapita nyumba na nyumba, na kamio ya kupakia batoto nyuma."

*

Constance alikuwa amepiga magoti kwenye jamvi, penseli ya buluu mkononi, akichora maua kwenye shuka. Wanawake wa darasa la kushona la masista walimletea vitambaa vyao awachoree, nao wakashona juu ya mistari yake. Kwenye kona, Mwaba alikuwa akimbembeleza mtoto wao mchanga, Honorine, mgongoni.

Mwaba alikuwa na miaka tisa. Mama yake, dada mkubwa wa Constance, alifariki kijijini Kasomeno wakati wa mvua za mwanzo. Baba alikwisha kutangulia. Dereva wa lori la samaki ndiye aliyemshusha mlangoni pamoja na kikapu chake. Hakuwa ameandikwa katika kitabu chochote cha mji huu. Kila kaki ilipopita barabarani, aliingia nyuma ya magunia ya makaa bila kuambiwa, naye Stanislas alizoea kukohoa kwanza anaporudi kazini, maana kaputula yake ilikuwa kaki pia.

"Kwa hiyo Bwana alikuchagua weye," Constance alisema bila kuinua penseli.

"Alinichagua."

"Weye. Kuchora."

"Iko kazi ya biro, Mama Honorine. Nilisema nitafanya."

"Juzi nilikuomba unipigie mustari moya tu na rula, nipate kukata kitambaa. Ule mustari ulienda kunywa pombe njiani."

Stanislas aliweka amri mezani kwa heshima, kama mtu anayeweka mkono wa marehemu. Akaeleza kwamba kazi ni rahisi. Achore mtoto, achore lori, basi.

"Inasema nini?" mkewe aliuliza.

"Inasema batoto bote barudi."

"Soma."

"Nimekuambia inasema nini."

"Umeniambia unaogopa nini. Siwezi kuchora kitu sijakisikia. Soma."

Basi akasoma, neno baada ya neno, akitafsiri kwa jasho. Alipofika kwenye neno *mineur*, Constance alimsimamisha.

"Mineur si njo bantu ba kuchimba shaba?"

Stanislas alilitazama neno upya. Kwa miaka miwili alikuwa ameibeba karatasi hii kwapani kutoka ofisi moja kwenda nyingine, akiamini kwamba inawahusu watoto wa wachimbaji wa migodi. "Iko mineur ya kuchimba," alisema hatimaye, "na iko mineur mutoto. Kifaransa hakina maneno mingi."

"Endelea."

Kifungu cha kwanza hadi cha nne vilikuwa vya kurudisha. Cha tano kilisema mtoto ambaye baba yake yu hai anarudi kwa baba, isipokuwa baba mwenyewe aje biro aweke alama ya kidole chake kumkabidhi kwa ndugu wa mjini. Hapo Stanislas alianza kukunja karatasi, kwa sababu hapo ndipo Bwana Kidole alipoikunja siku zote, alipokuwa akiisoma mbele ya watu.

"Kuko ukurasa nyuma," Constance alisema.

Nyuma palikuwa na kifungu cha sita. Kilikuwa na sentensi moja ndefu kama gari la moshi, na Stanislas aliipoteza mara mbili kabla ya kuifikisha kituoni. Yatima aliyechukuliwa na dada wa mama yake, akiwa na barua ya chifu wa kwao, na ikiwa mume wa mwanamke huyo ana kitabu cha kazi na cheti cha ndoa, huyo ataandikwa katika kitabu cha nyumba. Haikusema anaweza kuandikwa. Ilisema ataandikwa.

Kule kwenye kona mgongo wa Mwaba uliacha kumbembeleza mtoto.

"Soma tena," Constance alisema.

Akasoma tena. Safari hii ilikwenda haraka zaidi, lakini sauti yake ilikuwa imepungua. Waliangaliana. Mtu aliyebeba dawa kwapani miaka miwili huku nyumbani kwake kuna mgonjwa, hana la kujitetea. Constance hakumlaumu kwa neno. Alimwangalia tu muda wa kutosha.

"Bwana hasomaga hii namba sita," Stanislas alisema. "Akiona nimeichora, atakasirika."

"Namba sita iko mu karatasi ao haiko?"

"Iko."

"Alikuambia uchore nini?"

"Alisema, chora karatasi hii."

"Bon," Constance alisema, akafungua ukurasa mweupe. "Tutachora karatasi."

Jioni ile ile, kabla jua halijazama, alikwenda sokoni kumtafuta Kalenga, dereva wa lori la samaki, akamtuma kwa chifu wa Kasomeno kuomba barua ya Mwaba.

*

Jumamosi mchoro wa kwanza ulikuwa tayari, na Constance akamwita jirani yao, Virginie, aje autazame, auze mikate yake baadaye. Virginie hakujua kusoma hata jina lake. Alikuwa akilea mtoto wa kaka yake, Chomba, wa miaka sita, na kama nyumba nyingi za mtaa ule, aliishi kwa kutumaini kwamba hakuna atakayeuliza.

"Usimwambie kitu," Constance alimwonya mumewe. "Mwache yeye aseme."

Virginie aliinamia karatasi. "Huyu mutoto alipigwa mushale."

"Ile inaonyesha njia," Stanislas alisema. "Anaenda kule."

"Anaenda wapi na mushale mu mgongo? Huyu iko anakufa."

Constance alifuta mshale. Mahali pake akachora nyayo ndogo za miguu mitupu, moja baada ya nyingine, kutoka mlangoni hadi kwenye lori. Virginie akazifuata kwa kidole hadi mwisho bila kuuliza.

Msalaba wa kuonyesha kwamba mama amekufa, Virginie alisema ni kanisa, na kwamba mtoto anakwenda kupata ubatizo. Constance akachora kichuguu cha udongo na juu yake beseni la bati lililotobolewa, kama walivyoweka kwenye makaburi ya kwao. Virginie akaguna, akasema, "Pole yake." Kuhusu mstari mwekundu juu ya mtoto asiye na karatasi, alisema ni damu, batumbula wamerudi. Mstari ukaondolewa.

"Na umufunge kinywa," Virginie aliongeza. "Mutoto mu kamio anakaa kinywa kimefungwa. Njo vile tunajua hawamukule."

Kwa hiyo mtoto wa kwenye lori alifungwa kinywa, akapewa mzigo mdogo magotini, na mzungu akaondolewa kabisa. Mahali pa mzungu akakaa dereva aliyefanana sana na Kalenga.

Kifungu cha sita kilichukua siku mbili. Constance alichora mistari sita kama safu za maharage shambani, zote upana mmoja. Katika safu ya mwisho palikuwa na kaburi, kisha mtoto ameshika mkono wa mwanamke, kisha karatasi tatu jinsi zilivyo kweli: barua yenye muhuri wa mviringo, kitabu cha kazi chenye picha ya mwanamume, cheti chenye pete mbili. Nyayo zilipita chini ya karatasi zote tatu na kuingia ndani ya nyumba. Mtoto wa dirishani alikuwa na paji la uso la Mwaba na masikio ya Mwaba. Mwaba aliyaona, akayashika yake.

Virginie aliisoma safu ya sita kwa sauti, hatua kwa hatua, bila kukosea hata moja. Kisha akarudi safu ya tano, akakaa hapo.

"Huyu baba yake iko muzima," alisema.

"Ndiyo."

"Iko kule mu kijiji."

"Akikuja yeye mwenyewe, akaweka kidole, mutoto anabakia," Constance alisema. "Angalia hapa, ni kidole chake."

Virginie alitikisa kichwa polepole, akachukua mikate yake, akaondoka bila kuaga.

Stanislas hakuona hilo. Alikuwa akitafuta kona ya kuandika jina lake. Aliandika *S. Kunda* kwa mkia mrefu chini ya herufi ya mwisho, na hiyo ndiyo sehemu pekee ya picha iliyokwenda upande.

*

Bwana Kidole aliitazama kwa nusu dakika. Alitafuta mzungu, hakumwona, akaridhika. Alitafuta moshi, hakuna. Aliona lori, mtoto, nyayo. Safu hakuzihesabu. "Bien," alisema, na mapadre wakapiga nakala mia mbili, zikabandikwa kila mahali.

Kama zawadi alimpa Stanislas suruali ndefu. Ilikuwa yake mwenyewe, ya zamani, na Bwana Kidole alikuwa mtu wa nyama. Kiunoni ingewatosha akina Stanislas wawili, na miguuni ilikoma juu kidogo ya vifundo. Stanislas aliivaa hata hivyo. Aliifunga kwa kamba ya katani, akaishikilia kwa mkono mmoja anapotembea, na makarani wakamwuliza kama ameivaa au anaisindikiza.

Picha ilipotimiza wiki mbili ukutani, Alhamisi, Kalenga alileta barua za machifu kwa majirani wengi, pamoja na ile ya Mwaba. Ilinuka samaki lakini muhuri ulisomeka.

Jumatatu iliyofuata saa kumi na mbili asubuhi, Stanislas alipokuja kufungua biro, alikuta foleni imezunguka jengo na kurudi karibu kukutana na mkia wake. Ilikuwa ya wanawake. Kila mmoja alikuwa na mtoto mkononi na karatasi tatu, zimepangwa kwa mpangilio ule ule: ya muhuri juu, ya picha katikati, ya pete chini. Wa kumi na nne alikuwa mke wake.

Bwana Kidole alifika saa mbili. Alisimama mlangoni, kidole kikabaki njiani kwa kuwa hakikujua kimnyooshee nani.

"Hii iko nini?"

"Namba sita, Bwana," karani alisema.

Ubaya wa siku ile ni kwamba alikuwa na mgeni. Kutoka kwa wakubwa wa jimbo alikuja mzungu mwembamba mwenye miwani, aliyesikia kwamba katika cité kuna tangazo ambalo watu wanalielewa, akataka kuliona kabla halijapita. Aliisoma picha ukutani, safu moja moja, kidole chake kikifuata nyayo. Kisha akauliza kwa Kifaransa ni nani msanii.

Stanislas aliletwa akiwa ameshikilia suruali.

"Vizuri sana," mgeni alisema. "Tuna shida ya maji mabaya. Nichoree hapa, haraka tu, kwamba watu wachemshe maji kabla ya kunywa."

Alipewa karatasi na penseli. Ili kuchora ilibidi aachie suruali, na alipoiachia alilazimika kubana magoti. Makarani waliacha kuandika. Stanislas aliinama, akachora, akafuta, akachora, na jasho lake likadondoka mahali ambapo pengine lingesaidia kuonyesha maji.

Mgeni aliishika karatasi, akaigeuza juu chini, akairudisha. "Hii ni nini?"

"Sufuria, Bwana."

"Na hii juu yake?"

"Moto."

"Moto uko juu?"

Karani mmoja alicheka kupitia puani. Stanislas aliishikilia tena suruali. Angeweza kusema kwamba mkono unauma. Angeweza kusema kwamba ametoka kwenye malaria. Alitafuta uongo wa tatu, akaona amechoka na mizigo yote miwili, uongo na suruali.

"Si miye," alisema. "Iko muke wangu. Miye niliandika jina tu, Bwana, na lenyewe lilienda upande."

"Mwite," Bwana Kidole alisema.

Stanislas alitoka nje, akaenda hadi kwenye foleni. Sasa mkewe alikuwa wa tisa.

"Bwana anakuita ndani."

"Nikitoka nitapoteza nafasi yangu," Constance alisema.

"Mama Honorine, Bwana mwenyewe."

"Nimesikia. Mwambie niko mu mustari. Tangazo lake linasema tukuje na karatasi, tumekuja."

Stanislas alirudi ndani na ujumbe huo, akiwa ameuzungushia heshima nyingi ambazo Constance hakuzisema. Ilichukua muda wazungu wawili kuelewa kwamba hatakuja. Kisha mgeni, kwa sababu ya udadisi, alitoka. Na Bwana Kidole, kwa sababu ya mgeni, alimfuata.

Mwaba alipoona kaki zinakuja, alitafuta magunia ya makaa, na hapakuwa na magunia. Akajificha nyuma ya kitenge cha mama yake mdogo.

"Weye ulichora?" Bwana Kidole aliuliza.

"Miye, Bwana."

"Namba sita juu ya nini uliifanya kubwa hivi?"

"Si kubwa, Bwana. Iko sawa na zile zingine."

"Juu ya nini sawa?"

Constance alifikiri, kwa kuwa swali lilikuwa la kazi yake na alitaka kulijibu vizuri. "Mu karatasi yako, Bwana, herufi zote zilikuwa urefu moja. Nilipima na uzi. Kama hii ya sita ingekuwa ndogo, ningeichora ndogo."

Mgeni alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Ana haki," alisema kwa Kifaransa. "Ni sheria yako, rafiki yangu. Amekusaidia tu kuitangaza."

Bwana Kidole alifungua mdomo, akaufunga. Amri ilikuwa na sahihi ya wakubwa wa huyu aliyesimama kando yake. Alirudi ndani, na foleni ikaendelea.

Ilipofika zamu yao, karani alizipokea karatasi tatu, akainusa ile ya kwanza, akafungua kitabu cha nyumba ya Kunda.

"Jina?"

Constance alimsogeza Mwaba mbele. Stanislas alisogea kutoka mlangoni. Mtoto alisubiri hadi karani akainua macho.

"Mwaba," alisema.

"Mwaba nani?"

"Mwaba wa hapa kwetu."

Karani aliandika Mwaba Kunda, akagonga muhuri. Stanislas alilitazama jina chini ya lile la Honorine, kwa wino ule ule, na akagundua kwamba amekuwa akishikilia pumzi badala ya suruali, na suruali inaelekea chini.

*

Sasa, picha inayoeleweka haichagui nani aielewe. Mwisho wa Machi wakaguzi walipita nyumba na nyumba, lori nyuma, na watu wengi walionyesha vitabu vyao vyenye muhuri mpya. Mlango wa Virginie ulikuwa wazi kabla hawajabisha. Chomba alikuwa amekaa kizingitini, ameoga, mzigo mdogo magotini, kinywa kimefungwa.

Kazi ya tarishi ilikuwa kufungua mnyororo wa lori na kuwapandisha. Stanislas alimnyanyua Chomba chini ya makwapa. Alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani.

"Mama Honorine," Virginie alimwambia Constance, aliyesimama upande wa pili wa ua, "ulichora muzuri sana. Ungechora mubaya kidogo, ningesema sikuelewa. Ningemuficha, na ningejidanganya muzuri."

Constance alivuka ua. Alikwenda kwenye lori, akachomeka nakala ya picha ndani ya mzigo wa Chomba, akamwonyesha safu ya tano. "Utamupa baba. Baba hajui kusoma, si kweli? Mwambie afuate miguu."

Wiki tatu baadaye baba yake Chomba alishuka kutoka lori la Kalenga, mwanawe begani, akauliza biro iko wapi. Alikuwa na kidole gumba alichokiosha kwa sabuni. Karani alipoanza kumweleza la kufanya, alisema anajua, akakitumbukiza kwenye wino mwenyewe. Virginie alipika siku ile hadi majirani wakalalamika kwa harufu. Kwa Constance alipeleka sahani kubwa kuliko zote, akaiweka mezani na kurudi kwake, na Constance akaelewa kwamba ni msamaha, ingawa bado haujaiva sawasawa.

Katikati ya Mei Bwana Kidole aliamuru picha zote ziondolewe, akabandika tangazo jipya lenye maneno tu. Hakuna aliyelisoma, na kwa siku nne alikuwa mtu mwenye raha. Siku ya tano lori la Kasomeno lilishusha watoto watatu na mama zao wadogo waliokwenda kuwachukua, karatasi zikiwa zimepangwa, ya muhuri juu, ya picha katikati, ya pete chini.

"Nani alikufundisha hivi?" Bwana Kidole alimwuliza msichana mkubwa.

"Ukuta, Bwana."

"Ukuta gani?"

"Ukuta wa nyumba ya bibi yangu, kule Kasomeno. Wanawake waliichora pale ile picha ya hapa biro. Ni mukubwa, unaonekana toka barabara."

Stanislas alitumwa na ndoo ya chokaa na brashi kwenda kuufuta. Safari ilichukua siku nzima. Alirudi Jumamosi, amejaa vumbi jekundu hadi kwenye kope, akaingia biro akiwa amevaa kaputula yake ya zamani, maana ile suruali alikuwa ameiacha kwa Constance aikate awashonee watoto nguo.

"Umefuta?" Bwana Kidole aliuliza.

"Ukuta iko wa udongo, Bwana. Wameuchora na udongo mweupe na mwekundu. Hakuna lazima. Mvua itaufuta."

Bwana Kidole aliinama, akatazama ndani ya ndoo. Ilikuwa tupu, imekwanguliwa. "Na chokaa?"

"Ilitumika, Bwana. Bibi alisema pale pembeni ya picha pamefifia."

Kidole kilipanda, kikakaa hewani. Nje ya dirisha mbingu ya Katanga ilikuwa buluu bila doa, na hata mgeni wa jana alijua kwamba katika nchi hii mvua ikiondoka mwezi wa tano, hairudi hadi wa kumi. Kidole kilishuka, kikachukua kalamu. Bwana Kidole aliandika katika faili, polepole, akilitamka kila neno kwa midomo: ukuta utafutwa na mvua. Akagonga muhuri, akafunga faili.

"Funga mulango," alisema bila kumtazama. "Vumbi inaingia."